Dawa za kifafa na mapigo ya moyo: usiseme "inakinga" mapema

Fenitoini, kabamazepini na lamotrijini huziba njia za sodiamu (milango ya seli inayopitisha chembe za sodiamu zinazozaa umeme wa seli), na njia hizo ziko kwenye ubongo na kwenye moyo pia. Fenitoini imewahi kutumika kutuliza mapigo yaliyovurugwa na dijitalisi, dawa ya moyo. Ila kuziba huko huko kunaweza kuuvuruga moyo, kwa hiyo jaribio la panya la kuona kama dawa hizi zinakinga mapigo yasivurugike, likikosewa, hutoa jibu tamu lisilo na kitu ndani.

Kosa kubwa liko kwenye kipimo. Damuni, fenitoini hulengwa miligramu 10 hadi 20 kwa lita, na takriban asilimia 90 yake hushikwa na protini. Moyo wa panya uliotolewa mwilini na kulishwa maji ya Krebs-Henseleit (maji ya chumvi na sukari yanayochukua nafasi ya damu) hauna albumini yoyote, ile protini ya damu inayoishika dawa. Dawa yote iko huru. Kiwango kinachofanana na cha mgonjwa ni miligramu 1 hadi 2 kwa lita, yaani kama maikromoli 4 hadi 8. Ukiweka maikromoli 80 unapima sumu.

Halafu kiyeyushi. Fenitoini ya sindano huja ndani ya propilini glaikoli na ethanoli, pH karibu 12, na propilini glaikoli peke yake huweza kushusha presha na kuvuruga mapigo. Panya wa kulinganishia wapewe kiyeyushi hicho hicho, ujazo ule ule, kasi ile ile. Maji ya chumvi hayatoshi. Na ukiona ukungu kwenye chupa, dawa imetengana: mwaga, anza upya.

Kuvuruga moyo wa panya aliyelazwa usingizi, kaza uzi kwenye ateri ya kushoto inayolisha misuli ya moyo, dakika 5 hadi 10, kisha achia. Usikawie sana, misuli ikishakufa, mtetemo wa moyo unaokuja uzi ukiachiwa hupungua, nawe utaisifu dawa bure. Kwa moyo uliotolewa, mtiririko wa maji kupitia mishipa ya moyo usiposhuka baada ya kukaza, uzi haujakamata.

Dawa ikipunguza kasi ya moyo, mivurugo nayo hupungua. Endesha mioyo yote kwa kichocheo cha umeme, kasi moja. Potasiamu ikizidi kwenye maji nayo huzima mivurugo, kwa hiyo pima kila unapochanganya.

Kuhesabu afanye asiyejua nani kapewa nini. Kwa kanuni za Lambeth za 1988, za kuhesabu mivurugo kwenye majaribio, mapigo ya mapema manne au zaidi mfululizo kutoka ventrikali (chumba cha chini cha moyo) ndiyo takikadia, yaani mbio za moyo. Pima pia PR na QRS, muda wa umeme kutoka vyumba vya juu hadi ventrikali na muda wa kuenea ndani ya ventrikali kwenye ECG: zikirefuka sana, andika hilo kwenye jedwali lile lile la mivurugo, si kwenye kiambatisho.