Ukiona Boya Laelea: Maswali ya Vijaza-Maji vya Tangi Dogo la Matumbawe

Safari hii maswali karibu yote ni ya kijaza-maji, yaani kile kifaa kinachorudisha maji yaliyopotea kwa mvuke bila wewe kusimama na jagi kila asubuhi. Nimefurahi, maana mwenye tangi dogo la matumbawe anakihitaji kabla hajafikiria taa za rangi kumi. Nimesikitika pia. Wengi mmenieleza kwa kirefu aina ya kihisi mnachotaka kununua, na ni mmoja tu aliyetaja kwa hiari yake ukubwa wa ndoo atakayochotea. Tutafika huko.

Swali: Tangi langu ni la lita 40. Kijaza-maji kirudishe maji ya chumvi au yasiyo na chumvi?

Yasiyo na chumvi. Nimelijibu swali hili hadi mate yamenikauka. Maji huondoka kama mvuke, chumvi hubaki palepale. Ukipoteza lita moja kwa siku na kuirudisha kwa maji ya chumvi ya 35 kwa 1,000, yaani kama gramu 35 za chumvi kwa lita, baada ya siku 10 umeongeza gramu 350 za chumvi ndani ya lita 40, na umetoka 35 umefika karibu 44. Maji yawe yaliyochujwa kwa RO, yaani yaliyosukumwa kupita kwenye utando unaozuia chumvi, na ikiwezekana yapitie pia chembe za resini zinazonasa chumvichumvi zilizobaki. Asiyeamini aendelee, ila asiniandikie kuuliza kwa nini matumbawe yamekunja.

Swali: Fundi, nataka kuunda kijaza-maji kwa Arduino, ile bodi ndogo ya kompyuta, na kihisi cha mawimbi ya sauti. Naomba programu.

Kabla ya programu nipe namba moja: tangi lako linapoteza maji kiasi gani kwa siku? Hukuiandika, na nadhani huijui. Bandika utepe kwenye kioo usawa wa maji, rudisha maji kwa jagi lenye alama kila asubuhi kwa wiki nzima, uandike. Siku ya joto na feni inazunguka utapata namba moja, siku ya mawingu nyingine. Namba hiyo ndiyo inayoamua pampu, ndoo na taima. Kihisi kinakuja mwisho.

Sasa kihisi chenyewe. Vile vya bei nafuu vya mawimbi ya sauti havioni kitu kilicho karibu zaidi ya sentimita 2 hivi, vinashika ukungu, chumvi inajijenga usoni pake, na maji yanayotikiswa na pampu yanakupa vipimo vinavyorukaruka. Kihisi cha mwanga wa infraredi, chenye kichwa cha plastiki kinachotambua kimeguswa na maji au la, ni bora zaidi, mradi ukikinge na mwani, viputo na mwanga mkali wa taa. Na katika programu yoyote utakayoandika, mstari ninaoujali ni mmoja tu: pampu isiwake zaidi ya dakika ulizopanga kwa mara moja, kihisi kiseme kitakachosema. Kisha jiulize: kompyuta yenyewe ikiganda huku pampu inasukuma, nani ataizima? Kama hakuna, umeunda bomba la mafuriko lenye vitaa vya kupendeza.

Swali: Shikamoo fundi. Swichi yangu ya boya nimeiunga moja kwa moja na pampu ya umeme wa ukutani. Ilifanya kazi miezi miwili vizuri, sasa boya likipanda pampu haizimi. Nibadilishe swichi?

Marahaba. Badilisha swichi, lakini badilisha na akili ya mtambo wote, la sivyo baada ya miezi miwili mingine utaniandikia tena.

Ndani ya shina la ile swichi mna kichupa cha kioo chenye vipande viwili vyembamba vya chuma. Boya lina sumaku. Likishuka sumaku inavigusisha vile vipande, likipanda vinaachana. Ni vyembamba kama kucha na vimetengenezwa kubeba mkondo mdogo sana. Nyingi ya swichi hizi ndogo hazipaswi kupita wati 10. Pampu inapoanza huvuta mkondo mkubwa kuliko ule wa kawaida, na inapozimwa hutoa cheche. Cheche baada ya cheche, vipande vinalehemuka. Boya lako linapanda na kushuka kama kawaida, ukilitazama unaona linafanya kazi, kumbe ndani wale wawili wameshaoana na hawaachani.

Dawa ni rilei, yaani swichi inayowashwa na koili yenye sumaku ya umeme. Boya libebe mkondo mdogo wa rilei tu, na rilei ndiyo iwashe pampu. Weka dayodi, kile kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, sambamba na koili ya rilei, upande wenye mstari uelekee chanya, ili cheche ya koili isirudi kwenye swichi. Tumia miguu ya rilei inayokuwa wazi umeme usipokuwepo. Waya ukikatika au kiunganishi kikiliwa na kutu, pampu inabaki imezima, na hitilafu ya aina hiyo utaiona kwa macho kabla haijaua kitu. Na pampu yenyewe iwe ya volti 12. Umeme wa ukutani, maji ya chumvi na lehemu ya mwanafunzi havikai chumba kimoja. Vifaa vingine vya tangi ambavyo lazima vitumie umeme huo vipite kwenye swichi ya usalama inayokata umeme ukivuja, ile ya miliampia 30, na kila waya uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lidondoke sakafuni badala ya kufuata waya hadi ndani.

Hukuuliza, lakini nitasema: boya moja halitoshi. Funga mawili kwa mfululizo, la pili sentimita 2 au 3 juu ya la kwanza. La chini ndilo la kazi za kila siku. La juu kazi yake ni kukata siku la chini litakapogoma. Ukikuta linaelekea kinyume, likiwasha maji yakijaa, huna haja ya kurudi dukani. Nyingi unatoa kile kipete kinachozuia boya lisichomoke, unaligeuza boya juu chini, unarudisha.

Halafu yafunike yote mawili kwa kipande cha bomba la plastiki chenye matundu madogo. Nasema haya kwa uchungu. Konokono wangu mmoja alipanda usiku juu ya boya akalala hapo, boya likazama kwa uzito wake, na pampu ikaamini tangi limekauka. Wakati huo nilikuwa na boya moja na ndoo ya lita 25, na niliamka nikakanyaga maji. Konokono alipona. Matumbawe laini yalipona. Kamba hawakupona.

Swali: Nasafiri wiki mbili. Ndoo ya akiba ya lita 20 itatosha kwa tangi la lita 40?

Itatosha kuua kila kitu, ndiyo.

Tazama. Boya litakwama siku moja, rilei italehemuka, programu itaganda. Sijui siku gani, lakini vyote hivyo ni vyombo na vyombo huharibika. Kitu kimoja tu katika mtambo mzima hakiwezi kuharibika, nacho ni ukubwa wa ndoo. Ndoo ya lita 4 haiwezi kumwaga lita 5 hata ikiomba. Ikimwagika yote ndani ya lita 40, chumvi inashuka kutoka 35 hadi kama 31.8. Ni vibaya, viumbe watanuna, lakini wengi watavuka. Ndoo ya lita 20 ikimwagika, kama tangi lina nafasi ya kuyapokea chumvi inafika 23 na kidogo, na kama halina, nusu ya bahari yako inamwagikia sakafu. Watu wananiletea michoro yenye vihisi vitatu na ujumbe wa simu, halafu chini ya meza wameweka pipa.

Kwa hiyo: chukua ile namba ya wiki moja niliyomwambia mwenzako apime. Kama ni lita moja kwa siku, ndoo iwe ya siku 3 hadi 4. Ukisafiri, mwachie jirani au ndugu madumu madogo yaliyokwisha jazwa, kila moja la siku 3, na umwambie amimine moja kwenye ndoo siku ulizomwandikia, asiguse kingine. Weka pia kifuniko kwenye tangi, maji yatapungua polepole zaidi, ila uangalie joto lisipande.

Jambo linalofuatana na hilo ni kasi ya pampu. Pampu ndogo ya kawaida ya lita 240 kwa saa inasukuma lita 4 kwa dakika moja. Yaani boya likikwama ukiwa unavaa viatu, ukimaliza kufunga kamba ndoo imekwisha. Pampu ya rola inayokamua mpira, ile ya mililita 50 kwa dakika, inamaliza lita 4 kwa dakika 80, na kwa mahitaji ya lita moja kwa siku inatosha dakika 20. Iunge kwenye taima ya soketi, ipate umeme dakika 15 asubuhi na 15 jioni tu. Taima haijui lolote kuhusu maji, na ndiyo maana naipenda: konokono hawezi kuidanganya.

Swali: Je, naweza kufanya bila umeme kabisa?

Unaweza. Umewahi kuona chombo cha kunyweshea kuku, chupa iliyopinduliwa juu ya kisahani? Ndiyo hiyo hiyo. Pindua chupa iliyojaa, mdomo wake uguse uso wa maji. Maji yakishuka chini ya mdomo, hewa inaingia na maji yanatoka hadi mdomo ufunikwe tena. Kwa tangi la lita 20 ni kifaa kizuri kuliko sifa zake. Kasoro ni kwamba hewa iliyo ndani ya chupa hutanuka chumba kikipata joto na kusukuma maji nje hata kama hayahitajiki. Chupa iwe ndogo, na usiiweke karibu na taa.

Njia ya pili ni valvu ya boya kama ya tangi la choo, kwa saizi ndogo, ikilishwa na ndoo iliyo juu. Sharti langu moja: isiwe na shaba wala brasi popote maji yanapogusa. Maji ya RO yanayokaa juu ya brasi hubeba shaba, na kamba, konokono na matumbawe hawastahimili shaba hata kidogo.

Swali: Pampu imezima lakini maji yanaendelea kuingia. Swichi mbovu?

Swichi haina kosa. Ndoo yako iko juu kuliko tangi, na mpira ukishajaa maji hujivuta wenyewe. Shusha ndoo chini ya tangi. Ncha ya mpira nayo ibaki juu ya maji, itone hewani. Ukiizamisha, maji ya tangi yatarudi kwenye ndoo. Valvu ya njia moja usiitegemee, punje moja ya chumvi inatosha kuiacha mdomo wazi.

Swali: Boya nilifunge wapi kama nina sampu, lile tangi la pili la chini lenye vyumba?

Kwenye chumba cha pampu ya kurudisha maji. Huko ndiko maji hupungua. Vyumba vingine vinashikiliwa na kuta zake. Na zima kijaza-maji kabla ya kubadilisha maji! Kila mwezi kuna mtu anachota maji ya chumvi kwa upande mmoja huku pampu yake inajaza maji matupu kwa upande wa pili.

Swali: Nimeunga kijaza-maji moja kwa moja na chujio la RO ili nisibebe ndoo. Kuna ubaya?

Ondoa leo. Umeifanya ndoo yako iwe mtandao mzima wa maji wa mji. Isitoshe, chujio likiwashwa kwa dakika chache chache hutoa maji machafu zaidi, kwa sababu lita za mwanzo kila linapoanza ndizo zenye chumvichumvi nyingi.

Swali: Naweza kuweka maji ya chokaa kwenye ndoo ya kijaza-maji ili matumbawe yapate kalsiamu?

Unaweza, na wengi hufanya, lakini usianze nayo. Lita moja ya maji hushika kama gramu 1.5 za hidroksidi ya kalsiamu, na pH yake, kipimo cha asidi na alkali, hupita 12. Kosa ambalo kwa maji matupu lingekuwa la kushusha chumvi kidogo, kwa chokaa ni maji meupe kama maziwa na viumbe waliokufa. Subiri hadi mtambo wako umefanya kazi miezi kadhaa bila kosa. Kisha tumia pampu ya rola, kwani ile ya kawaida yenye kifeni ndani itajengeka ukoko na kukwama. Acha unga ukae chini, uchote maji maangavu ya juu, funika ndoo ili hewa isiigeuze chokaa kuwa ukoko, na upange itone usiku wakati pH ya tangi iko chini. Vaa glavu na linda macho.

Swali: Kijaza-maji changu kinafanya kazi vizuri, usawa wa maji haubadiliki, lakini chumvi inashuka kila wiki. Nimechoka.

Hili ndilo swali lililonifurahisha kuliko yote. Kijaza-maji kinajua usawa tu. Maji ya chumvi yakitoka kwa njia yoyote, kinarudisha matupu na kukuonyesha kwamba mambo ni shwari. Mkosaji wa kwanza ni skima, kile kifaa kinachoondoa uchafu kwa povu, ikiwa inatoa povu majimaji. Ikikusanya nusu lita kwa wiki kwenye tangi la lita 40, baada ya wiki 8 bila kubadilisha maji unakaribia 31.6. Mwaga kikombe chake kwenye jagi lenye alama uone. Mkosaji wa pili ni uvujaji mdogo ambao kijaza-maji kinauficha, kwa hiyo pitisha kidole kwenye viungo vyote vya bomba utafute ukoko mweupe, na inua kile kilichotandikwa chini ya kabati. Kabla ya yote hayo, rekebisha rifraktomita yako, yaani kifaa cha kupimia chumvi, kwa maji ya kipimo cha 35, usitumie maji matupu. Kisha zima kijaza-maji siku 2, ujaze kwa mkono, na ulinganishe na ile namba ya wiki ya kwanza. Kama maji yanapungua zaidi ya zamani na joto la chumba halijabadilika, kuna mahali yanavuja.