Miguu ya mududu haisemi ni wa nani

Nimesoma maswali yenu hapa Goma, na karibu yote muko munahesabu miguu tu. Tuanze.

"Kupe nilitoa kwa ng'ombe kule Masisi, kadogo sana, iko na miguu 6. Njo insekte?"

Hapana! Kupe ikitoka mu yai inakuwa na miguu 6, ikisha kunywa damu na kujivua ngozi njo inapata 8. Ukifuata hesabu yenu, mama iko jamaa ya buibui na mutoto jamaa ya nzi, hiyo ni nyumba gani? Angalia kichwa: haina antene hata moja, zile pembe ndogo za kichwa za insekte, njo kupe ni jamaa ya buibui. Halafu siku ingine usiivute na vidole, shika na pensi karibu na ngozi, vuta polepole.

"Jongoo na tandu ni kitu moja?"

Mara ya tatu mwezi huu. Jongoo jozi mbili za miguu kwa kila pingili, tandu jozi moja, na miguu ya kwanza ya tandu imegeuka meno ya sumu. Ukoo ni moja, miriapode, wale wa miguu mingi. Imeisha.

"Kumbikumbi ni sisimizi ya mabawa?"

Mbele ya kuiweka mu sufuria, chukua moja uangalie: mabawa 4 urefu sawa, kiuno hakuna. Sisimizi iko na kiuno imebanwa kama uzi na mabawa ya nyuma ni mafupi, yeye ni jamaa ya nyigu na nyuki. Kumbikumbi ni muchwa, na muchwa ni mende. Ndiyo, mende! Ndugu yake wa karibu, mende anaitwa Cryptocercus, anakula mti uliooza na kukaa na watoto wake ndani. Basi endeleeni kukaanga.

"Mwalimu amemukatia mutoto wangu pointi juu aliandika insekte imetoka mu jamaa ya kaa."

Mutoto iko na haki, arudishiwe pointi zake. Linnaeus, ule mutu wa Sweden alipanga viumbe na majina yao, mu 1758 alitia buibui, kaa na nge wote mu gunia moja ya insekte, kisha watu wakapanga insekte na jongoo juu wote wanapumua na vijibomba vya hewa ndani ya mwili, lakini ile kitu buibui wengi nao wako nayo, kila ukoo ulijitafutia njia yake ya kupumua kwa nchi kavu. DNA njo ilikata maneno: mu 2010 watu wa sayansi walilinganisha jeni 62, wakakuta insekte iko ndani kabisa ya krustase, njo ile jamaa ya kaa na kamba, hao ni binamu zake. Wa karibu zaidi ni remipedia, vipofu wa kuogelea mu mapango ya maji karibu na bahari, na wako na miguu mingi kama tandu, sasa hesabuni.

"Na konokono?"

Ile si ya hapa, peleka kwa pweza, jamaa yake.