Kwa nini pikipiki huibwa? "Umaskini" peke yake si nadharia

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Niko mwaka wa kwanza, nasoma kriminolojia (elimu ya uhalifu). Tumeambiwa tueleze wizi wa bodaboda kwa nadharia moja. Niliandika kwamba chanzo ni umaskini, karatasi ikarudi imeandikwa "hii si nadharia". Nichague ipi, na nianzie wapi?

Jibu: Mwalimu wako yuko sahihi. Umaskini ni hali. Nadharia hueleza hali hiyo inamfikishaje mtu kwenye kosa, na kwa nini jirani yake mwenye shida zilezile haibi. Mwanasosholojia Robert Merton alilijibu hilo mwaka 1938: jamii inamhimiza kila mtu afanikiwe, lakini njia halali haziwafikii wote. Wengine huendelea kufuata taratibu hivyo hivyo, wengine hukata tamaa, na wengine hushikilia lengo lilelile ila wakatafuta njia ya mkato. Mwizi wa pikipiki yumo katika hao wa mwisho.

Lakini lisome swali lako tena. Linauliza kuhusu wizi, yaani tukio, si maisha ya mwizi. Merton hakuambii kwa nini imeibwa pikipiki hii, saa mbili usiku, nje ya baa na si kijiweni. Kwa hilo nenda kwa wanasosholojia Lawrence Cohen na Marcus Felson (1979). Wanasema lazima vitatu vikutane mahali pamoja kwa wakati mmoja: mtu aliye tayari kuiba, kitu kinachoibika, na kukosekana mtu wa kuzuia. Wengi huharibu hapo kwenye cha tatu kwa kuandika "polisi". Muuza chipsi anayeiona pikipiki ni mlinzi tosha. Askari aliye mtaa wa pili si mlinzi.

Mfano wenye nguvu ni Ujerumani Magharibi. Mwaka 1980 walianza kutoza faini ya papo hapo kwa anayeendesha pikipiki bila helmeti. Lengo lilikuwa usalama barabarani, lakini wizi wa pikipiki ulishuka kutoka karibu 153,000 mwaka huo hadi karibu 54,000 mwaka 1986. Aliyeiba kwa kuona upenyo tu hakuwa na helmeti mkononi, na bila helmeti angesimamishwa njiani. Wizi wa magari ulipanda kidogo tu, mbali kabisa na kufidia pengo hilo.

Sasa kazi yenyewe. Ongea na madereva wa vijiwe vitatu au vinne, ukusanye matukio kama 20. Kwa kila moja andika saa, mahali, ilivyofungwa (usukani, mnyororo, au funguo iliachwa), nani alikuwa karibu na kama aliweza kuiona. Usitegemee kumbukumbu za kituo cha polisi peke yake, maana si kila wizi huripotiwa.

Kisha hesabu pikipiki zinazoegeshwa. Tuseme sokoni ziliibwa 8 kati ya 200, nje ya baa 4 kati ya 20. Ukitazama matukio tu utasema soko ni hatari zaidi, kumbe baa ni hatari mara tano.

Jambo jingine: kata maskini yenye wizi mwingi haithibitishi kwamba wezi ni maskini wa kata hiyo. Huenda wanatoka kwingine. Mwanasosholojia W. S. Robinson alilionyesha kosa la namna hii, la kumhukumu mtu kwa takwimu za eneo, mwaka 1950. Ukitaka kusema lolote kuhusu wezi wenyewe, uwe na taarifa za mtu mmoja mmoja.