Shangazi, huu si ugonjwa wa Wazungu?

Barua tano wiki hii, zote kuhusu binti zetu walio vyuoni ughaibuni na ugonjwa wa ulaji. Nimezifupisha.

*Nasoma Minnesota, Marekani, mwaka wa pili. Mchana sili kabisa, usiku nafakamia chochote kilichomo chumbani, kisha najitapisha. Nilikwenda zahanati ya chuo kwa sababu ya kizunguzungu, nikapandishwa kwenye mizani na kuambiwa nipunguze mwili. Wenzangu wanasema mambo haya ni ya Wazungu wembamba. Naumwa, au najisumbua tu?*

Siwezi kukupima kwa barua, mwanangu, lakini uliyoyaeleza yanafanana sana na bulimia, ugonjwa wa kufakamia kisha kujitapisha, na wengi wenye bulimia hawakondi. Anayetazama mizani peke yake hawezi kuuona.

Na macho ya wataalamu nayo yana mazoea yake. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa 2006, wataalamu wa afya ya akili walisomeshwa maelezo ya msichana aliyeitwa Mary na namna anavyokula. Maelezo yalikuwa yale yale, kilichobadilishwa ni asili yake tu. Alipoandikwa kuwa Mzungu, asilimia 44 waliona ana tatizo la ulaji. Alipoandikwa Mlatino, yaani mwenye asili ya Amerika ya Kilatini, asilimia 41. Alipoandikwa mweusi, asilimia 17. Nikikumbuka namba hiyo ya mwisho, sishangai kwamba wewe ulirudishwa na ushauri wa kupunguza mwili.

Kwa hiyo rudi, na safari hii usianze na kizunguzungu. Sema wazi: "Najitapisha," na useme mara ngapi kwa wiki. Omba wapime madini ya potasiamu kwenye damu, na moyo pia. Kutapika kila mara humaliza potasiamu, na ikipungua mno moyo hupiga ovyo na unaweza kusimama, uwe mnene au mwembamba. Ukizimia au moyo ukienda mbio bila sababu, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

*Shangazi, si kuiga tu huko? Bibi zetu hawakuwa na haya. (Mjomba, Nairobi)*

Kuiga kumo, sikatai. Katika eneo la Nadroga, kule visiwa vya Fiji, Bahari ya Pasifiki, televisheni iliingia 1995. Daktari Anne Becker aliwauliza wasichana wa shule mwanzoni, hakupata hata mmoja aliyejitapisha ili apungue. Aliporudi 1998 walikuwa asilimia 11. Na Fiji ni mahali ambapo mwili mkubwa ulisifiwa, kama kwetu.

Lakini televisheni wanaitazama wote na wanaougua ni wachache. Kuna kurithi, kuna wasiwasi, kuna upweke wa kuwa mweusi peke yako darasani. Na sisi wenyewe tumo, mjomba. Binti akishuka uwanja wa ndege kanenepa, tunampongeza mbele za watu. Akikonda tunanong'ona "anaumwa nini?", na kwa sisi wa miaka ya 1990 nong'ono hiyo ilimaanisha UKIMWI. Akirudi chuoni, aliyekonda ndiye anayesifiwa. Mtoto ana mizani mbili, na kila moja inamwambia lake.

*Binti yangu amerudi likizo mifupa mitupu. Nampikia wali wa nazi, samaki, maandazi, anasukuma sahani. Nimlazimishe? (Mama, Tanga)*

Usimlazimishe, mama mwenzangu, na usimwachie pia. Hospitali kwanza, sufuria baadaye. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukijazwa chakula kwa ghafla, madini kwenye damu, hasa fosfeti, huporomoka, na mtu anaweza kufa huku analishwa. Madaktari waliliona hilo kwa wafungwa waliotoka kambini baada ya Vita Kuu ya Pili. Kiasi cha kuanzia akiseme daktari.

Akisharuhusiwa, kaa naye mezani kila mlo, kula naye, usihesabu matonge. Hospitali ya Maudsley ya London iliwatibu wasichana wanaojinyima chakula hivyo, kwa kuwarudishia wazazi kazi ya kulisha. Ilianzia kwa watoto wa umri wa shule, lakini binti wa chuo naye ana mama. Mashangazi (nami nimo) wakija na "maskini, amekwisha!", wape chai na uwaulize habari za mavuno. Mkitaka kumsomea dua, msomeeni, mkisharudi kutoka hospitali.

*Ramadhani ndiyo raha yangu, hakuna anayeniuliza kwa nini sili. Idi ikipita naunganisha na funga ya siku sita, kisha kadha, funga za kulipa, hata zile nisizodaiwa. (Leicester, Uingereza)*

Umejijibu mwenyewe katika sentensi ya kwanza. Aya ya 185 ya Sura ya Baqara imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na huu ni ugonjwa. Mtafute shehe unayemwamini, mwambie sentensi hiyo kama ulivyoniandikia mimi, usiipambe. Kisha daktari.

*Nikienda kwa mshauri wa chuo hapa Marekani, baba ataambiwa? Ndiye anayelipa ada.*

Ukishatimiza miaka 18, hataambiwa bila idhini yako, isipokuwa maisha yako yakiwa hatarini. Ila kuna upenyo mmoja ambao wengi hawaujui: ukiwa kwenye bima ya baba, karatasi ya kueleza kilicholipiwa inaweza kutumwa kwake. Uliza dirishani kabla ya kikao cha kwanza. Katika vyuo vingi vikao vya ushauri vimo ndani ya ada, havipiti kwenye bima kabisa.