Onyo moja linatoka mara tatu, nifanyeje?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Nimeandika sarufi, yaani kanuni za jinsi maandishi yanavyopangwa, ya kuchanganua faili za mipangilio, inafanya kazi vizuri tu, ila kuna vitu vidogovidogo kama koma iliyozidi mwishoni mwa orodha, sitaki visimamishe kazi nzima, nataka mtumiaji aambiwe basi. Nikaweka printi ya kutoa onyo kwenye skrini, ndani ya kanuni yenyewe ya orodha. Sasa onyo moja linatoka hata mara tatu! Nakosea wapi?

JIBU: Pole ndugu yangu, hiyo printi ndo inakuponza. Kichanganuzi chako kinajaribu njia ya kwanza, ikigoma kinarudi nyuma kujaribu nyingine, sasa ile ya kwanza ilishapita kwenye koma ikaprinti onyo halafu ikakwama mbele huko, njia imetupwa lakini maneno yameshatoka kwenye skrini, nani atayarudisha? Njia ya pili ikipita palepale linatoka tena.

Mimi ningefanya hivi. Iruhusu hiyo koma kwenye sarufi waziwazi, ipe kanuni yake yenye jina, tuseme koma_iliyozidi, ili ikipatikana iwe tawi kwenye mti, yaani ule muundo ambao kichanganuzi kinaujenga kutokana na faili. Usiprinti kitu chochote wakati wa kuchanganua. Mti ukishakamilika ndo unaupitia kuanzia juu mpaka chini, kila ukikuta tawi la jina hilo unatoa onyo, mara moja, maana njia zilizotupwa hazimo kwenye mti. Hapohapo kagua na maana ya kilichoandikwa, mfano tarehe 31/02, kimaandishi iko sawa kabisa lakini siku hiyo haipo.

Namba ya mstari isikusumbue: chukua mahali tawi linapoanzia, hesabu alama za mstari mpya zilizotangulia, ongeza 1. Zikiwa 13 unaandika "mstari wa 14: koma imezidi mwishoni mwa orodha, nimeiruka". Hilo neno nimeiruka usiliache tafadhali, mtu anataka kujua programu imeamua nini juu ya faili lake.

Faili likigoma kabisa kuchanganuliwa mti haupo, na maonyo hayapo. Ukiyataka hata hapo, yaweke kwenye listi, na kila unapoingia kujaribu njia kumbuka listi ina maonyo mangapi, ukirudi nyuma unaikata mpaka idadi ileile.