Betri mbili, swichi mbili: jibu langu kwa mwenye ndege ya petroli 30cc

Mkuu wa Moshi, nimelisoma swali lako vizuri nisije nikajibu nusu. Una ndege ndogo ya rimoti yenye injini ya petroli ya 30cc, servo sita za dijito (vile vimota vinavyosogeza sehemu za kuongozea ndege), betri moja ya NiMH (aina ya nikeli) ya seli tano na ile swichi ya kusukuma iliyokuja kwenye boksi. Unataka uongeze betri ya pili, unauliza kama inatosha kuziunga zote mbili kwa waya wa Y, ule wa matawi mawili, zipite kwenye swichi hiyo hiyo moja, na kama kuna haja ya kuweka dayodi, kile kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu. La kwanza hapana. La pili inategemea na betri utakazochagua. Naomba niende kwa kirefu kidogo maana hapa ndo ndege nyingi zinapoanguka halafu watu wanasingizia mawimbi ya simu, wakati umeme ulikatika humo humo ndani ya ndege.

Ukiweka betri mbili zikapita kwenye swichi moja, umejikinga na kitu ambacho ni nadra kuharibika ghafla, ukakiacha peke yake kile kinachoharibika kila siku. Betri uliyoitunza ni nadra kufa ghafla hewani, mara nyingi inachoka taratibu na ukiwa unapima utaona. Swichi, plagi na waya ndo vinakatika bila kukuaga.

Mimi kwenye ndege yangu ya mazoezi nilianza kuona kwenye rimoti volti za resiva (kipokezi cha mawimbi ya rimoti ndani ya ndege) zinashuka kila nikivuta eleveta ya mkiani na eleroni za mabawa kwa pamoja, na betri ilikua LiFe (aina ya lithiamu) ya seli mbili imejaa kabisa. Nikaichomoa nikaipachika moja kwa moja kwenye resiva bila swichi, nikachezesha stiki zote kwa fujo, volti haikushuka chini ya 6.3. Nikarudisha swichi, fujo ile ile, 5.4. Yaani karibu volti nzima inaliwa na swichi, na swichi yenyewe ukiiwasha inawaka, ukiizima inazima, huwezi kujua kwa macho. Nikaipasua kwa wembe. Ndani kuna vibati vyembamba vya shaba na kipande kidogo kinachoteleza juu yake, na pale kinapogusana palikua peusi, pamegandiana tope kavu, vumbi la huku kwetu limechanganyika na mafuta ya ekzosi yaliyopenya kupitia kile kitundu cha kusukumia. Vumbi la Arusha unalijua, ukienda kurusha upande wa Ngaramtoni kiangazi unarudi hata pua imejaa, sasa fikiria swichi iliyofungwa ubavuni mwa ndege karibu na ekzosi na inatetemeshwa na injini kila dakika.

Resiva nyingi za 2.4 GHz zinavumilia mpaka kwenye volti 3.5 hivi, chini ya hapo inajizima na kuanza upya. Servo za dijito zikishikwa na upepo kila moja inaweza kuvuta ampia mbili tatu kwa mpigo, ukiwa nazo sita piga hesabu mwenyewe, na plagi ya kawaida ya servo watu wanaihesabia ampia tatu tu za kuendelea. Ndo maana hata betri ikiwa nzima, njia moja nyembamba ya swichi moja na plagi moja haitoshi kwa ndege ya ukubwa wako. Na feilisefu, ule mpangilio wa resiva wa kuziweka servo mahali salama, usiitegemee hapa, inafanya kazi signali ikipotea wakati resiva ina umeme, resiva ikizimika hakuna wa kuzisogeza servo popote.

Kwa hiyo mpangilio ninaokushauri ni huu: betri A na swichi yake na plagi yake inaingia tundu la betri la resiva, betri B na swichi yake na plagi yake inaingia tundu lingine lolote lililo wazi, maana matundu yote ya resiva chanya na hasi zake zimeungana ndani. Kama yamejaa, weka Y kwenye chaneli ya servo inayovuta kidogo. Hapo umepata njia mbili kamili kuanzia kwenye seli mpaka resiva, na mzigo unagawanyika, kila plagi inabeba takriban nusu. Waya wa betri moja pitisha kushoto na wa nyingine kulia, betri zizungushie sponji, na kila moja iwe na mkanda wake.

Sasa dayodi. Betri mbili za aina moja, umri mmoja, zikiungwa bila dayodi ni sawa na matenki mawili ya maji yaliyounganishwa chini, lenye maji mengi linajaza lenye machache mpaka yalingane, na kama tofauti ni ndogo hakuna shida yoyote, watu wengi wanarusha hivyo miaka. Shida inakuja seli moja ikifa. NiMH ikifa seli inaweza kujifunga kama kipande cha waya, betri yako ya volti 6 inakua 4.8, na ile nzima inaanza kumwaga umeme wake kwenye mbovu badala ya kupeleka kwenye servo. Dayodi inazuia hilo, ila inatoza ushuru. Ile ya kawaida ya silikoni inakula karibu 0.7, ile ya aina ya Schottky inakula 0.3 au 0.4 hivi, kwa hiyo chukua Schottky na iwe inabeba ampia za kutosha. Kwa betri ya seli nne ya 4.8 usiweke kabisa, utabaki na 4.4 na hiyo ni kabla servo hazijaanza kuvuta. Kwa LiFe ya seli mbili, 6.6 toa 0.4 unabaki na 6.2, safi kabisa, hata servo za zamani za volti 6 zinapumua.

Ndo maana mimi ningekwambia hiyo NiMH ipeleke kwenye kazi nyingine, chukua LiFe mbili za mAh 2100 hivi (kipimo cha umeme ambao betri inabeba) zinazofanana, uzilipie mara moja. Usije ukachanganya LiFe moja na LiPo moja (lithiamu ya aina nyingine, yenye volti kubwa zaidi) bila kitu cha kuzitenganisha. LiPo ya seli mbili ikijaa ni 8.4, LiFe ikijaa ni 7.2, ukiwasha zote unaichaji LiFe kwa nguvu ndani ya ndege iliyojaa petroli. Na kama servo zako hazijaandikwa kwamba zinakubali volti kubwa, LiPo moja kwa moja zitaungua, lazima regyuleta ya kupunguza volti katikati, na regyuleta nayo ni kitu kingine cha kuharibika.

Swichi zenyewe: kama mfuko unaruhusu nunua za kielektroniki, zile ambazo kawaida yake ni kuwaka. Hazina vibati vya kuteleza kwenye njia ya umeme, kile kitufe au kipini kazi yake ni kuiambia zima tu, kwa hiyo kitufe kikikatika waya au kipini kikidondoka ndege iko hewani, inabaki inawaka. Hilo peke yake kwangu linatosha kuilipia. Angalizo lake ni kwamba hata ikizimwa inaendelea kunyonya umeme kidogo sana, ukiiacha ndege ukutani masika nzima bila kuchomoa betri utakuta zimekufa, chomoa kila ukirudi nyumbani. Kama utabaki na za kusukuma, weka mpya zote mbili, zifunge upande usio na ekzosi, na uifunge ili mwendo wa kusukuma usifuate mwelekeo wa mtetemo wa injini.

Kuna vile vifaa vya kuhama, vinakaa vinaangalia betri kuu, volti ikishuka vinaleta ya akiba. Kwa ndege za mota ya umeme zinazotegemea BEC moja (kifaa kinachoshusha volti za betri ya mota ili zilishe resiva) vinafaa sana, mimi sivipingi, ila hakikisha kinakupa taarifa, taa kali inayoonekana au king'ora. Akiba inayoingia kimya kimya ni hatari, unaruka jioni nzima ukiwa tayari uko kwenye betri ya mwisho na hujui.

Hata kwa mpangilio wa betri mbili hilo lipo. Njia moja ikikatika, nyingine inabeba yote na ndege inaruka kama kawaida, kwa hiyo lazima uwe na namna ya kujua. Kabla ya kuruka washa A peke yake, chezesha stiki zote kwa nguvu, angalia volti, zima. Washa B peke yake, fanya hivyo hivyo. Ndo uwashe zote. Halafu nyumbani ukichaji usichaji kwa pamoja, chaji moja moja na andika mAh zilizorudi. Zikitofautiana kidogo ni kawaida. Kuna siku kwangu moja ilirudisha zaidi ya 600 na mwenzake ikarudisha 15, nikaikagua ile njia, nikakuta kwenye plagi kipini cha katikati kimerudi nyuma kwenye plastiki, ukiiangalia kwa mbele unaona vitundu vitatu vimekaa sawa lakini kimoja chuma chake kimezama milimita mbili tatu ndani. Asubuhi yake ilikua imepita kipimo cha stiki bila tatizo, ilijitoa baadae kwa mtetemo. Bila lile daftari ningeendelea kurusha na betri moja nikiamini ninazo mbili.

LiFe ina tabia nyingine, volti yake inakaa palepale kwenye 6.6 kuanzia ikiwa karibu imejaa mpaka inapokaribia kuisha. Umeme ukikatika usiku chaja ikazimika katikati, asubuhi ukipima kwa mita utaona 6.6 na utaondoka nayo ikiwa nusu. Irudishe kwenye chaja mpaka iseme yenyewe imejaa, au chajia kwenye betri ya gari ya volti 12. Na chaja iwe na sehemu ya LiFe, seli inaishia 3.6, ukiiweka kwenye LiPo itasukuma mpaka 4.2 na utaiharibu.

Kitu ambacho hukuuliza lakini kwa petroli nakiona muhimu kuliko hata dayodi: moto wa plagi ya injini yako una betri yake. Resiva ikizimika, injini haijui, inaendelea kunguruma pale pale ulipoiacha, ndege ya kilo sita saba inaenda na hakuna wa kuizima. Funga kile kikatio cha moto kinachotumia mwanga, kinakaa kwenye chaneli ya resiva na hakigusani kwa waya na upande wa injini, resiva ikipoteza umeme chenyewe kinakata moto. Na usishawishike kuichukua betri ya moto kua ndo akiba ya resiva, ziache mbali mbali, ule mfumo wa cheche una kelele nyingi za umeme na hutaki ziingie kwenye resiva.

Kapasita ya kuchomeka kwenye resiva, zile za maikrofaradi 4700 volti 16, iweke kama una tundu, inasawazisha zile sekunde ndogo ndogo servo zikishtuka zote. Haihesabiki kama akiba.

Seli za laptop mbovu ambazo mafundi wanazipanga upya, kwa redio ya nyumbani sawa, kwa ndege hapana, hujui kila seli imetoka wapi na imechoka kiasi gani. Kama una ndugu anakuja kwa ndege mwambie LiFe abebe kwenye begi la mkononi sio la kusalimisha, afunike vichwa vya plagi kwa tepu, ya 2100 ni kama watt-saa 14 tu na kikomo cha kawaida ni 100. Na kwa upande wako huko, KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, iko karibu, kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kiwe mkononi kabla hata ya kuwasha.

Ukishafunga tupia picha ya resiva na waya zinavyopita, nitakuangalizia kabla hujaruka.