Siku sita mwisho wa majira ya joto kupiga picha za asili: kwa nini mimi ningeenda Lofoten na sio Iceland

Mkuu nimekusoma vizuri. Una siku sita kuhesabu na za kusafiri, mwisho wa Agosti kuingia Septemba, unataka milima na bahari, ukipata na mnyama wa kupiga sio mbaya, na unayumba kati ya Iceland, Dolomites kule Italia, Scotland na visiwa vya Lofoten vya Norway. Zote nimeshazikanyaga na kamera begani, kwahiyo ntajibu kwa kirefu kidogo, univumilie.

Wengi watakujibu ipi nzuri. Zote nzuri, hilo halina ubishi. Mimi kabla sijakata tiketi najiuliza kitu kimoja tu, wiki hizo huko ninakoenda kuna nini kinaanza na nini kimeshaisha. Manake mwisho wa majira ya joto ni kipindi cha ajabu, zile picha unazozihifadhi kwenye simu nusu yake zilipigwa Juni na nusu nyingine Oktoba, we unatua katikati hapo unakuta mlima ni ule ule ila kile kilichoibeba picha hakipo.

Iceland ndo mfano mzuri. Yale maua ya zambarau yamejaa bonde zima na kanisa kule nyuma, ile ni lupini, inachanua Juni mpaka mwanzoni mwa Julai. Wale ndege wenye mdomo wa rangi, puffin, wanaondoka kwenye miamba yao Agosti kurudi baharini, ukifika Septemba unapiga picha ya mashimo matupu. Halafu kuna ile barabara ya kuzunguka kisiwa chote, inazidi kilomita 1,300, watu wanaiweka kwenye safari ya siku sita na wanaimaliza kweli, ila unachorudi nacho ni picha za kituo cha mafuta na maporomoko yaliyopigwa saa saba mchana jua likiwa utosini. Za kule ndani nyanda za juu, Landmannalaugar na wenzake, ni kali sana ila barabara zile za F, yaani njia za vumbi na mawe za milimani, zinataka gari la 4x4, na mwanzoni mwa Septemba theluji inaweza kuanza kuingilia ratiba yako. Ukiing'ang'ania Iceland basi chukua pwani ya kusini tu, Vík mpaka ziwa la barafu la Jökulsárlón, kama kilomita 190 hivi, na usitoke hapo. Sikutanii, usitoke.

Dolomites ndo inaniuma zaidi kukukataza kwa sababu kwa safari fupi ina kila kitu, unatua Venezia unakodi gari masaa mawili na kidogo uko mji wa Cortina, kutoka hapo sehemu za kupiga picha kama Passo Giau, Misurina, Tre Cime zote ziko jirani. Na ule mwamba ukipigwa na jua la asubuhi unageuka pinki halafu mwekundu kama kaa la moto, wenyewe wanaita enrosadira, hauchoshi. Tatizo ni hayo majira. Nyasi za Alpe di Siusi zenye maua ni za Juni na Julai, ukifika Agosti mwishoni kwingi wameshazikata. Ile misonobari inayogeuka dhahabu, yaani larch, inasubiri Oktoba, tena Oktoba ya katikati. Kwahiyo we unafika dirisha la kati ambapo kila kitu ni kijani kilichochoka. Ongeza na watu, manake Agosti Waitalia nao wako likizo, miaka ya karibuni hata gari kufika ziwa la Braies msimu wa joto lazima ubuku mapema, na radi za mchana bado zipo zipo. Kitu kimoja Dolomites inaishinda Lofoten wiki hizo ni nyota: kile kitovu cha Njia ya Maziwa unakiona jioni upande wa kusini kama upeo wako uko wazi, wakati Lofoten hakichomozi kabisa mwaka mzima, ni kaskazini mno. Kama nyota ndo ugonjwa wako basi acha kunisoma hapa, nenda Dolomites usiku ambao hakuna mwezi. Wengine wote Dolomites iwekeni Oktoba.

Scotland kwa kifupi: ule mmea wa heather unapaka vilima zambarau Agosti nzima mpaka mwanzoni mwa Septemba, milima ya Cairngorms inapendeza sana, hicho ndo unachokiwahi mwishoni mwishoni ndani ya dirisha lako. Paa wekundu wale madume kuanza kunguruma ni mwisho wa Septemba kwenda Oktoba, utawakosa. Na kuna midge, vijidudu vidogo vinavyouma, siku isiyo na upepo umetega tripodi kando ya ziwa limetulia kama kioo unatamani ukimbie uiache kamera. Watu hawasemi hili kwenye picha zao.

Haya, Lofoten.

Iko latitudo 68, juu ya mzingo wa Aktiki. Kuanzia mwisho wa Mei mpaka katikati ya Julai jua halizami kabisa, watu wanaenda kwa hilo, ila kwa mpiga picha ni mateso maana mwanga mzuri uko saa sita usiku na hulali. Mwisho wa Agosti mambo yanakaa sawa: jua linazama saa tatu kasoro hivi usiku na kuchomoza saa kumi na moja na nusu alfajiri, unalala. Na usiku unaanza kuwa giza la kutosha, aurora, zile taa za rangi zinazocheza angani usiku, zinarudi. Hicho ndo kinachoanza! Kwa miezi zilikuwepo juu ila anga ilikuwa na mwanga huzioni. Na huku huhitaji dhoruba kubwa la jua, Lofoten iko chini kabisa ya ule mkanda wa aurora, hata siku ambayo kipimo cha Kp, kile cha nguvu ya aurora kutoka 0 mpaka 9, kinasoma 2 tu unaweza kuona kitu kama anga iko wazi. Kuelekea siku ile usiku na mchana unalingana, Septemba 22 au 23, kwa kawaida shughuli huwa inaongezeka, kwahiyo kama tarehe zako zinasogezeka zisogeze mbele, wiki ya pili ya Septemba ni bora kuliko ya mwisho ya Agosti. Na faida ambayo majira ya baridi huipati: maji ya madimbwi na maziwa hayajaganda, aurora unaipata mara mbili, juu na kwenye maji.

Jambo la pili ambalo watu hawalihesabu ni urefu wa mwanga. Kaskazini kule jua halidondoki, linateleza pembeni. Kutoka lile jua la chini la njano mpaka linagusa upeo unapata zaidi ya saa moja, Dolomites wakati huo huo unapata kama nusu saa na ushee, na hapo bado mlima wa jirani haujakuzibia. Kwa mtu wa siku sita hii ni kubwa mno. Mimi safari fupi siipimi kwa siku, naipima kwa vipindi vya mwanga, asubuhi ngapi na jioni ngapi, na Lofoten kila kipindi kina urefu wa viwili vya kwingine. Umebadilisha lenzi, umehama mwamba, umejaribu wima, umejaribu mlalo, jua bado lipo.

Sasa usiende kuizunguka Lofoten yote. Chukua upande wa magharibi tu, Leknes mpaka kijiji cha Å, barabara ni moja E10, saa moja na kidogo mwanzo mpaka mwisho ukiwa husimami (utasimama). Asubuhi kijiji cha Hamnøy, pale darajani, nyumba nyekundu za wavuvi na mlima nyuma, najua kila mtu anayo hiyo picha, ipige umalize kiu halafu geuka uangalie upande ambao wenzako hawaangalii, mawimbi yanayopiga mawe chini ya daraja na lenzi ndefu. Jioni fukwe za Uttakleiv au Haukland, hasa Uttakleiv inatazama kaskazini magharibi kwahiyo jua likizama unabaki pale pale unasubiri aurora, huhami hata gari. Skagsanden nayo mchanga mweusi na mweupe unachora mistari maji yakirudi, unaweza kukaa pale masaa unapiga kilicho miguuni pako tu. Ukitaka kupanda, mlima Reinebringen una urefu wa mita 448 na ngazi za mawe zinakaribia 2,000 walizojenga Masherpa kutoka Nepali, magoti yataongea. Mimi binafsi naipenda zaidi Ryten, mita 543, inaangalia pwani ya Kvalvika chini, na nyasi mwezi huo zinaanza kuwa za njano na kahawia.

Mvua ipo, sikufichi. Ndani ya siku sita hesabu mbili zitalowa. Ila hapa ndo Lofoten inanishawishi zaidi, nikiwa napanga safari najiuliza siku ya mvua ntapiga nini. Dolomites wingu likishuka mlima wote unapotea, unabaki na msitu. Lofoten wingu likishuka kilele kinakatika katikati kama kimepigwa kisu, bahari inakuwa ya rangi ya chuma, nyumba nyekundu zinang'aa zaidi kuliko siku ya jua, weka filta ya kupunguza mwanga uache shata wazi nusu dakika mawimbi yawe ukungu. Baadhi ya picha zangu ninazozipenda za kule hazina jua hata chembe. Upepo ndo adui hasa, tripodi nyepesi haifai, ninginiza begi chini yake.

Mnyama: Svolvær kuna boti za kwenda Trollfjord kuwaona tai wa bahari wenye mkia mweupe, wanashuka kuchukua samaki karibu na boti, nusu siku inatosha ila Svolvær iko upande wa pili wa visiwa kwahiyo iweke siku ya kufika au ya kuondoka. Kama mnyama ndo lengo kuu na milima ni ziada basi orodha yako yote siyo, nenda mashariki mwa Finland, Kuhmo, unakaa kwenye kibanda unawasubiri dubu wa kahawia wanaonenepa kabla ya kulala msimu wa baridi. Au Dovrefjell hukohuko Norway kwa wale ng'ombe-miski wenye manyoya mpaka chini, Septemba mwanzoni nyanda zimeshakuwa nyekundu na njano, treni ya kutoka Oslo inapita hapo hapo, ila kaa angalau mita 200 kutoka kwao, wanakimbiza kweli.

Ubaya wa Lofoten ni kufika. Oslo, halafu Bodø, halafu kindege kidogo mpaka Leknes, au feri ya Bodø kwenda Moskenes masaa matatu na zaidi, ikikushusha, kijiji cha Reine ni pua na mdomo. Ndo maana siku zako sita ni nne za kazi. Bado nachukua hizo nne kwa sababu ya ule urefu wa mwanga nilioueleza, ungekuwa na siku nne jumla ningekuambia Scotland na dawa ya midge.

Vifaa sitapoteza muda, lenzi pana moja yenye uwazi mkubwa kwa ajili ya aurora na lenzi ndefu ya 70-200 kwa mengine yote, ile ya katikati mimi huwa hata siitoi kwenye begi. Betri za ziada, vitambaa vingi vya kufutia chumvi ya bahari kwenye kioo, buti zisizopitisha maji. Mwezi usikutishe, mwezi nusu unaipa milima mwanga na aurora bado inaonekana, ile ya kukwepa mwezi kabisa ni kwa watu wa nyota.

Anza na gari kabla ya tiketi ya ndege. Visiwa vile magari ya kukodi ni machache na Septemba mwanzoni wenye kamera wote wanawaza kama wewe, ukishapata gari ndo utafute nyumba moja kati ya Ramberg na Reine ulale hapo hapo siku zote bila kuhama, kuhamahama kunakula asubuhi. Ukituma tarehe kamili na lenzi ulizonazo ntakuambia pwani ipi uanze nayo kwa mujibu wa mwezi wa angani wa wiki hiyo.